Namna ya kulitumia neno “get” kwa usahihi: mwongozo kamili kwa wanaojifunza Kiingereza

Katika sentensi ambazo wasomaji wa Mbeya, Iringa na Njombe hutuletea ili tuwasahihishie, neno “get” limekuwa likiharibika kwa namna ile ile kwa muda mrefu. Mtu anaandika “I got an accident”, mwingine “I got late”, wa tatu “We got Makambako at night”, na wote watatu wana bidii na wamesoma. Wote wamefundishwa kwamba “get” ni “pata”, wakaishia hapo.

Shida inaanzia hapo, kwa kuwa “pata” ya Kiswahili nayo ina mambo mengi. Sisi tunapata ajali, tunapata mtoto, tunapata chai na tunapata hasara, na Mwingereza hatumii “get” katika lolote kati ya hayo manne kwa maana tunayoikusudia. Yeye naye hutumia “get” pale ambapo sisi tunasema kufika, kulowa, kuzoea, kushuka na kunyolewa. Mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja: maana ya “get” huamuliwa na neno linalolifuata. Ukizoea kulitazama neno hilo kabla ya kutafsiri, makosa mengi yatakwisha.

## Vifaa vya kuandaa

Daftari moja la “get” peke yake. Gawa kila ukurasa safu tatu: sentensi nzima ya Kiingereza, neno linalofuata “get”, na maana ya sentensi hiyo kwa Kiswahili. Andika sentensi nzima kila mara, kwa sababu neno hili likiandikwa peke yake halikufundishi chochote.

Kamusi mbili. Ya kwanza iwe kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha hiyo, iwe ya kitabu au ya kwenye simu, kwa kuwa hizo huonyesha mifano ya matumizi. Ya pili ni ya Kiingereza na Kiswahili, kama ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) iliyotoka mwaka 1996. Ukiifungua kwenye “get”, soma ingizo lote mpaka mwisho, maana wengi huishia kwenye maana ya kwanza.

Matini ya kusoma. Nakala ya gazeti la Daily News inatosha, au barua na ujumbe wa watu wanaokijua Kiingereza vizuri. Nyimbo za Kimarekani ziache kwanza, kwa kuwa humo “I got” mara nyingi husimama badala ya “I have”, na mwanafunzi anayeanza hubeba tabia hiyo hadi kwenye mtihani.

Kalamu ya rangi tofauti, ya kupigia mstari neno linalofuata.

## Hatua ya 1: Yaweke sawa maumbo ya neno lenyewe

Umbo la msingi ni “get”. Kwa “he”, “she” na “it” huwa “gets”, na herufi hiyo ya mwisho ndiyo inayodondoshwa zaidi: andika “It gets cold in Njombe in June”, usiandike “It get cold”. Wakati uliopita ni “got”. Umbo la kuendelea ni “getting”, lenye t mbili.

Baada ya “did”, “didn’t”, “can”, “will” na “to”, neno hurudi kuwa “get”. Kwa hiyo tunasema “Did you get my message?”, kamwe si “Did you got”. Sababu yake ni kwamba “did” imekwisha kubeba wakati uliopita, na Kiingereza hakiuweki wakati huo mara mbili katika swali moja.

Umbo la tatu, lile linalotumika baada ya “have” na “has”, ni “got” kwa Waingereza na mara nyingi “gotten” kwa Wamarekani. Shule zetu hufuata Kiingereza cha Uingereza, hivyo katika mtihani na barua rasmi shika “got”, na usichanganye yote mawili katika maandishi yale yale.

Kuna umbo moja linalohitaji uangalifu wa pekee. “I have got two cows” maana yake ni nina ng’ombe wawili, jambo la sasa. “I got two cows” maana yake ni nilipata ng’ombe wawili, jambo lililopita, na huenda leo huna hata mmoja. Vivyo hivyo “I have got to go” ni lazima niondoke.

Upande wa matamshi, “get” huanza kwa g ile ya “gari”, irabu yake ni fupi, na huishia kwenye t bila irabu nyuma yake. Tukiongeza i mwishoni tunasema “geti”, na msikilizaji anaweza kudhani tunazungumzia lango. Lango kwa Kiingereza huandikwa “gate”, na irabu yake hurefuka ikaelekea kwenye i. Vijana wanaoongoza wageni katika Hifadhi ya Ruaha wafanye zoezi hili kwa sauti: “We will get to the gate at noon”, yaani tutafika getini saa sita mchana. Katika sentensi hiyo maneno yote mawili yamo, na yasipotofautishwa mgeni atachanganyikiwa.

*Dalili ya kufaulu:* unaweza kuandika sentensi kumi za wakati uliopita, zikiwemo za kuuliza na za kukanusha, bila “did” kukutana na “got” hata mara moja.

## Hatua ya 2: Pigia mstari neno linalofuata

Chukua matini yako, tafuta kila “get”, kisha pigia mstari neno au maneno yanayofuata. Usitafsiri bado. Jiulize tu kwamba kilichofuata ni kitu gani.

Likifuata jina la kitu, maana itakuwa karibu na kupata, kupokea, kununua au kuleta. Ikifuata “to” na jina la mahali, maana ni kufika. Likifuata neno la sifa kama “cold” au “tired”, maana ni kuingia katika hali hiyo. Likifuata umbo la tatu la kitenzi kama “paid”, maana huelekea kwenye kutendwa. Likifuata neno dogo kama “up”, “on”, “off” au “over”, maana hubadilika kabisa na hujifunzwa moja moja. Ikifuata “to” na kitenzi, maana ni kupata fursa ya kufanya jambo.

Tazama sentensi hizi tatu: “She got a letter”, “She got to Tukuyu”, “She got angry”. Mtendaji ni mmoja na kitenzi ni kimoja, lakini kwa Kiswahili ni alipata barua, alifika Tukuyu, alikasirika. Hapo ndipo utakapoona kwa nini orodha ya tafsiri bila sentensi haisaidii.

*Onyo:* usiiruke hatua hii kwa kudhani ni ya kitoto. Wanaoiruka ndio wanaorudi na makosa yale yale.

## Hatua ya 3: “Get” ikifuatwa na jina la kitu

Hapa “pata” hufaa mara nyingi. “I got a job in Mafinga”, nilipata kazi Mafinga. “He got permission”, alipata ruhusa. “She got malaria”, alipata malaria. Hufaa pia kwa kupokea na kununua: “I got this rice in Kyela” huweza kumaanisha kwamba mchele huu niliununua Kyela. Na “We got the bus to Njombe” ni tulisafiri kwa basi hadi Njombe.

Sasa yafuate maneno ambayo Kiswahili hukubali “pata” na Kiingereza hukataa “get”. Sehemu hii inastahili kurasa mbili za daftari lako, na ningekuomba uisome kwa sauti.

Nilipata ajali ni “I had an accident”. Ukisema “I got an accident”, Mwingereza atakuelewa kwa kukisia, lakini atajua hapo hapo kwamba umetafsiri. Alipata mtoto ni “She had a baby”, kwa kuwa “She got a baby” husikika kana kwamba mtoto alichukuliwa mahali fulani. Nimepata chakula cha mchana, kwa maana ya kwamba nimekula, ni “I have had lunch”. “I got lunch” inaelekea zaidi kwenye kununua chakula au kukifuata. Tulipata tatizo ni “We had a problem”, na nilipata shida kuelewa ni “I had difficulty understanding”.

Wakulima na wafanyabiashara washike mawili haya. Kupata faida ni “make a profit”, na kupata hasara ni “make a loss”. Mkulima wa nyanya wa Ilula au wa parachichi wa Rungwe anayeandika kwa mnunuzi wa nje, “Last season we got a loss”, atakuwa ameeleweka, ila “Last season we made a loss” ndiyo inayomtambulisha kuwa mtu anayeijua lugha ya biashara. Kupata uzoefu kazini ni “gain experience”, na kupata mafanikio ni “succeed”, neno moja tu.

Kwa nini magonjwa yanakubali “get” na ajali inakataa? Sioni sababu inayoweza kukusaidia kukumbuka, na ni afadhali usipoteze muda kuitafuta. Haya ni maneno yaliyozoeana, kama sisi tunavyosema kupiga pasi na kupiga simu bila kumpiga mtu, na njia ya kuyajua ni kuyakariri yakiwa pamoja.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni mpangilio wa maneno pale “get” inapomaanisha kuleta. Kiswahili kina “niletee maji”, na wengi hutafsiri kiambishi hicho cha kutendea kwa kuandika “Get for me water”. Andika “Get me some water” au “Get some water for me”. Kwa mtu mzima au mgeni, sentensi hiyo ni kavu mno, sema “Could you get me some water, please?” Adabu ambayo sisi tunaibeba kwa “naomba” na “tafadhali”, Kiingereza huibeba kwa swali.

*Dalili ya kufaulu:* ukiambiwa “pata ajali”, mkono wako unaandika “have an accident” kabla akili haijaanza kutafsiri.

## Hatua ya 4: “Get” ikifuatwa na mahali

Kiswahili husema tulifika Makambako, bila kihusishi katikati. Kwa hiyo mwanafunzi huandika “We got Makambako”, na maana yake kwa Kiingereza ni kwamba mji mzima wa Makambako umekuwa mali yake. Sharti iwepo “to”: “We got to Makambako.” Isipokuwa “home”, “here” na “there”, ambayo hayataki “to” kamwe: “I got home late”, “When did you get here?”

Kwa kuwa sentensi za kufika huja na saa, ongeza tahadhari hii. Saa sita mchana ya kwetu ni “twelve o’clock” au “noon”. Nimeona barua ambayo sarufi yake ilikuwa safi kabisa, lakini saa zake zote zilikuwa za Kiswahili zilizovikwa Kiingereza. Kosa la namna hiyo humwacha mtu kituoni akisubiri bila sababu.

## Hatua ya 5: Kupanda na kushuka

Sisi tunapanda basi, tunapanda bajaji, tunapanda pikipiki na tunapanda ndege, kisha tunashuka. Kiingereza kimegawa makundi mawili.

Chombo ambacho mtu anaweza kusimama na kutembea ndani yake, pamoja na kile anachokikalia kwa juu, huchukua “get on” na “get off”. Humo mna basi, treni ya TAZARA, ndege, meli, baiskeli na bodaboda. Chombo kidogo ambacho mtu huinama akaingia na kukaa huchukua “get in” au “get into” kwa kuingia, na “get out of” kwa kutoka. Humo mna gari dogo, teksi na bajaji.

Kwa hiyo abiria wa Mbeya anaweza kusema: “I got off the bus at Nane Nane and got into a bajaji to Mwanjelwa.” Asiseme “I went down from the bus”, ingawa ndivyo neno kushuka linavyomvuta.

*Onyo:* mgeni akisimama mlangoni mwa nyumba, tafsiri ya “karibu ndani” ni “Come in”. “Get in” kwa mtu aliyesimama mlangoni ni amri, na “Get out!” ni kumfukuza. Watu wetu ni wakarimu, na inauma kuona ukarimu wa mtu wa Tukuyu ukigeuka karipio kwa sababu ya neno moja.

## Hatua ya 6: “Get” ikifuatwa na sifa

Katika sehemu hii “pata” haina kazi kabisa. “Get” hapa humaanisha kutoka katika hali moja kuingia nyingine, na Kiswahili mara nyingi hulibeba wazo hilo katika kitenzi kimoja: kuchoka ni “get tired”, kulowa ni “get wet”, kukasirika ni “get angry”, kuzeeka ni “get old”, kupoa ni “get cold”.

Hali ya hewa ya nyanda hizi za juu kusini ni mwalimu mzuri. Mwezi Juni na Julai Makete, Njombe na Mufindi huwa na baridi kali. “It is cold” ni kuna baridi sasa. “It is getting cold” ni baridi inaanza kuingia, inaongezeka. “It gets cold in June” ni ada ya kila mwaka. Fanya mazoezi ya sentensi hizo tatu mpaka usizichanganye, kisha badilisha sifa: “dark”, “late”, “expensive”, “better”. Mtu akitazama mbolea inavyopanda bei kabla ya msimu, anaweza kusema “Fertilizer is getting expensive”.

Kosa kubwa la hatua hii ni “I got late”. Nilichelewa ni “I was late”. Ipo “It is getting late”, lakini hiyo husema kwamba muda umekwenda, giza linakaribia, na hutumika mtu anapotaka kuaga. Mwanafunzi anayemwomba radhi mwalimu aseme “I am sorry I was late”, au “I am sorry I am late” kama ndiyo kwanza anaingia darasani.

Hapa pia ndipo pa kujifunza “get used to”, yaani kuzoea. “I have got used to the cold”, nimeizoea baridi. Kikifuata kitenzi, lazima kiwe na “-ing”: “I am getting used to waking up early.” Usiichanganye na “I used to wake up early”, ambayo maana yake ni kwamba zamani nilikuwa naamka mapema na sasa siamki tena. Mtu aliyehamia Iringa kutoka Dar es Salaam akikosea hapo, atakuwa amesema kinyume cha alichokusudia.

*Dalili ya kufaulu:* unaweza kueleza kwa Kiswahili tofauti ya “I am tired” na “I am getting tired” bila kusitasita.

## Hatua ya 7: “Get” ikifuatwa na umbo la tatu

“Get paid” ni kulipwa, “get hurt” ni kuumia, “get caught” ni kukamatwa, “get lost” ni kupotea. “The tea pickers get paid every month”, wachuma chai hulipwa kila mwezi. Matumizi haya ni ya mazungumzo zaidi, na huhusu jambo linalotukia, hasa lile lisilotazamiwa. Katika ripoti au insha tumia “be”: “The bridge was built”, usiandike “The bridge got built”.

*Onyo:* “Get lost!” ikisimama peke yake kama amri ni tusi la kumfukuza mtu. Ukitaka kumtahadharisha mgeni asipotee njiani Kitulo, mwambie “Please be careful not to get lost”.

Ndoa ina mtego wake. Tulifunga ndoa ni “We got married”. Ameolewa na kijana wa Kyela watu huandika “She was married by a man from Kyela”, kwa sababu “na” ya mtendaji huwa “by”. Sentensi hiyo kwa Kiingereza yaweza kueleweka kwamba mwanamume huyo ndiye aliyeifungisha ndoa, kama mchungaji au padri. Sema “She got married to a man from Kyela”, au “She married a man from Kyela” bila kihusishi chochote. “Married with” nayo iache.

## Hatua ya 8: Kufanyiwa kazi, na kumfanya mtu afanye

Hii ni hatua ngumu, na ndiyo inayomtofautisha anayejua na anayebahatisha. Sisi tunasema nimesaga mahindi, na kila mtu anajua kwamba mashine ya kijijini ndiyo iliyosaga. Tunasema nimenyoa nywele, na kinyozi hatumtaji. Kiingereza humtaka msemaji aonyeshe kwamba kazi ilifanywa na mwingine. “I ground the maize” ni nilisaga kwa mikono yangu. “I cut my hair” hueleweka kwanza kwamba nilishika mkasi mwenyewe.

Mpangilio ni huu: “get”, kisha kitu, kisha umbo la tatu. “We got our maize ground in Uyole.” “I got my hair cut.” “He got his phone repaired in Mwanjelwa.” Kitu lazima kitangulie umbo la tatu, ukiandika “I got repaired my phone”, sentensi imevunjika.

Akitajwa mtu anayefanya, mpangilio ni “get”, mtu, “to”, kitenzi: “I got my brother to help me with the harvest”, nilimwomba kaka yangu akakubali kunisaidia kuvuna. Ndani ya “get” hii mna ushawishi au mipango, haikuwa nguvu. Na “to” isikosekane, ingawa “make” na “let” haziitaki: “She made him stop”, lakini “She got him to stop”.

*Dalili ya kufaulu:* taja kazi tano ulizolipia mwezi huu, za fundi cherehani, kinyozi, fundi simu, mashine ya kusaga na fundi viatu, kila moja kwa sentensi ya namna hii.

## Hatua ya 9: Maneno madogo

Usijaribu kuyameza yote kwa pamoja. Anza na haya: “get up” ni kuamka na kuinuka kitandani, “get back” ni kurudi, “get over” ni kupona ugonjwa au huzuni, “get along with” ni kupatana na mtu, “get through” ni kumaliza jambo gumu, au kumpata mtu kwenye simu, “get by” ni kumudu maisha kwa kidogo kilichopo, “get rid of” ni kuondokana na kitu. Kila moja liandikie sentensi inayohusu maisha yako mwenyewe, maana neno lililofungwa kwenye jambo unalolijua halitoki upesi.

Ongeza “get to” na kitenzi, kwa maana ya kupata bahati ya kufanya jambo: “If you visit Kitulo in the rainy season, you get to see the orchids.” Muongoza wageni hatakosa pa kuitumia sentensi hii.

## Hatua ya 10: Liondoe kwenye barua rasmi

Ukishalimiliki neno, jifunze kuliacha. Katika barua ya maombi ya kazi, ripoti na insha ya mtihani, “get” huonekana la mitaani hata pale ambapo si kosa. Badala ya “I got your letter”, andika “I received your letter”. Badala ya “I got a diploma”, andika “I obtained a diploma”. “Get to” ya kufika iwe “arrive in” au “arrive at”, “get” ya kununua iwe “buy”, na “get” ya kuingia katika hali iwe “become”. “I don’t get it”, yaani sielewi, isiingie kabisa kwenye usaili. Sema “I am sorry, I do not understand the question”.

Upande wa pili nao una hatari. Anayeandika kwa rafiki “I obtained some tomatoes at the market and became wet” anasomeka kama anayetoa ushahidi mahakamani. Kwa rafiki, “got” ndiyo inayofaa.

## Zoezi la kupima

Sahihisha aya hii kabla ya kusoma majibu:

“Yesterday I got late because our bus got an accident. I went down from the bus and got Makambako at six o’clock in the afternoon, when the sun was above my head. I got lunch, then I cut my hair at a barber’s shop. My sister is there. She was married by a teacher and last year she got a child. I am used to get up early, so today I did not got tired.”

Aya iliyosahihishwa ni hii:

“Yesterday I was late because our bus had an accident. I got off the bus and got to Makambako at noon, when the sun was above my head. I had lunch, then I got my hair cut at a barber’s shop. My sister is there. She got married to a teacher and last year she had a baby. I am used to getting up early, so today I did not get tired.”

Ukikosea “late”, “accident”, “lunch” au “baby”, rudi hatua ya 3 na ya 6. Ukikosea Makambako au saa, rudi hatua ya 4, na kushuka basi ni hatua ya 5. Nywele ni hatua ya 8, ndoa ni ya 7. “Getting up” inataka hatua ya 6 na ya 9 kwa pamoja: “used to” inadai “-ing”, na “up” ndiyo inayoleta maana ya kuamka. Na kama “did not got” ilikupita bila kuiona, anza upya na hatua ya 1, ukiandika sentensi za kukanusha peke yake mpaka ukurasa ujae.